Vidole vya Mabano

Kosa ni langu, nalikiri kabla hamjanisuta. Kisa hiki nimekisimulia vibaya kwenye vijiwe vingi. Nimekuwa nikisema Mabano aliandika barua ya mapenzi akairusha kwenye skrini kubwa mbele ya wajumbe wa dunia nzima. Watu wanacheka, mimi naongezewa kikombe cha chai. Si kweli. Hakuandika barua. Yule bwana hata kadi ya kumpongeza mtu humchukua wiki nzima. Kilichotokea kilikuwa kibaya zaidi, na ili nikiseme sawasawa inabidi nikae upande wa dada aliyependwa, maana aliyetaka kupasuka moyo alasiri ile alikuwa yeye.

Walimwita Dada Joto. Alikuwa amekaa safu ya tatu, sweta limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kwa sababu ukumbi wa kujadili joto la dunia ulikuwa na baridi ya kugandisha siagi. Kazi yake utafiti. Kwa miaka mingi alikuwa akining'iniza vipimajoto vyumbani mwa watu, juu kidogo ya kitanda, apime usiku unapoa kiasi gani. Huko alikokuwa akivining'iniza alikutana na mambo. Bibi mmoja alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Mwanangu, hicho kidude kinasikia?"

"Hapana bibi, kinapima joto tu."

"Basi kiweke upande wangu. Ukikiweka upande wa mzee kitakufa baridi."

Kutoka kwenye vyumba hivyo vyote alikuwa ametoa sentensi moja. Nasema moja. Nyingine zilibaki kwenye vitabu vya wasomi. Hii moja ilikuwa imepenya mpaka kwenye tamko la mkutano, kifungu cha kumi na saba: *Mahali ambapo usiku haupoi, mwili wa binadamu haupumziki, na wa kwanza kuumia ni watoto wachanga na wazee.*

Ila ilikuwa ndani ya mabano. Kwenye mikutano hii, maneno ambayo bado hayajakubaliwa na wote hufungiwa ndani ya mabano kama kuku ndani ya tenga. Na kukubali kwenyewe hakuna makofi wala vigelegele. Mwenyekiti anauliza, "Kuna pingamizi?" Anatazama kushoto, anatazama kulia, anachungulia juu ya miwani. Wote wakinyamaza, anagonga nyundo, limepita. Anayenyamaza amekubali. Ndiyo sheria ya mle ndani.

Anayefunga na kufungua hayo mabano ndiye huyo bwana wetu, na jina alilipatia hapo hapo. Alikuwa mwandishi wa mkutano. Anakaa chini ya jukwaa, kompyuta mbele yake, na kila linalosemwa linatokea kwenye skrini kubwa nyuma yake. Hana nchi, hana upande, hana maoni. Mkataba wake wa kazi ulisema hivyo hivyo. Alikutana na Dada Joto mkutano wa mwaka juzi, mbele ya mashine ya kahawa iliyokataa kumpa dada kikombe kisha ikamwagia kahawa yote kwenye kiatu. Mabano alipiga goti akamfuta kiatu kwa ratiba ya siku. Tangu siku hiyo, wanasema wenyewe, hawajawahi kuijua ratiba.

Tatizo lilikuwa kaka.

Kaka mkubwa alikuwa safu ya kwanza, nyuma ya kibao cha nchi yao, kiongozi wa ujumbe. Baba yao alipofariki, ndiye pia aliyemlea Dada Joto, akamsomesha, akamfunga kamba za viatu. Mtu wa namna hiyo hata akikukosea huwezi kumpandishia sauti.

Asubuhi ile, wakinywa chai hotelini, alikuwa ameshamaliza maneno.

"Yule kijana wako wa kompyuta nimemwona," alisema, akipaka mkate siagi kama fundi anayepiga lipu. "Hana ubaya. Adabu anayo. Lakini nikuulize, mdogo wangu. Siku zote anaandika ya watu. La kwake liko wapi?"

"Ni kazi yake, kaka."

"Nimesikia. Kazini anaandika ya watu. Na akitoka kazini? Mwaka wa pili huu, hajanifuata hata kunisalimia vizuri. Jumapili wale wageni wanakuja nyumbani. Mama ameshafua mapazia."

"Huyo daktari wa meno mimi simjui, kaka."

"Utamjua. Ana kinywa, na anakitumia."

Dada Joto alimeza chai ikiwa ya moto vile vile.

Sasa ilikuwa alasiri, siku ya kufunga. Walikuwa wamekwama kifungu cha kumi na saba tangu kabla ya chakula. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikuwa amechoka na watu wazima kubishana kama watoto wa shangazi mmoja. Akasema, "Shaurianeni kidogo. Hapo hapo mlipo. Atakayetoka nje nahesabu amekubali."

Watu wakasimama vikundi vikundi. Dada Joto akateremka mpaka kwenye meza ya Mabano, akiruka nyaya zilizobandikwa gundi sakafuni. Akainama kama anayemwonyesha mahali palipokosewa nukta. Mgongo wake aliupa skrini.

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Kaka."

Mabano alikuwa amevaa visikizi vya kusikilizia wakalimani, vimeshuka shingoni, macho mekundu kwa kuchoka, vidole juu ya kibodi. Vidole vile Dada Joto hakuwahi kuviona vimetulia. Hata wakila, vilikuwa vikigonga gonga meza.

"Bado," alisema.

"Bado! Mkutano unafungwa leo. Kesho mimi niko kwenye ndege."

"Kaka yako ananitazama kama mbu aliyeingia ndani ya neti."

"Mbu angalau anapiga kelele. Wewe hata wii husemi."

Akamtazama. Alikuwa na macho yale ambayo mtu akikutazama nayo unasahau ulikuja kugombana. Dada Joto akajikaza asisahau.

"Nakupenda," Mabano alisema. "Unajua."

"Mimi najua. Wageni wa Jumapili hawajui."

"Wageni gani?"

"Daktari wa meno na ukoo wake wote. Mama ameshafua mapazia."

Vidole vikasita. Kisha vikaendelea, tak tak tak.

"Utakubali?"

"Nitakataaje? Niseme nina mtu? Mtu mwenyewe yuko wapi? Niwaambie naolewa na kibodi?"

Hapo ndipo aliposikia kimya.

Kwanza alidhani mwenyekiti amerudi kitini. Halafu, kwenye visikizi vya shingoni mwa Mabano, akasikia kisauti chembamba cha mwanamke, kikisema kwa lugha ya kigeni aliyoisoma shuleni, kwa utulivu wa mtu wa kazi: "...niwaambie naolewa na kibodi, alama ya kuuliza."

Dada Joto akageuka polepole.

Vidole vya Mabano vilikuwa vimeandika kutwa nzima kila lililoingia masikioni mwake. Hakuna aliyeviambia viache. Skrini yote, ukubwa wa ukuta wa nyumba, ilisomeka hivi:

*17. [Mahali ambapo usiku haupoi, mwili wa binadamu haupumziki, na wa kwanza kuumia ni watoto wachanga na wazee.]*
*[Umemwambia?]*
*[Nani?]*
*[Usinifanye mtoto. Kaka.]*

Na kuendelea. Mbu alikuwepo. Neti ilikuwepo. *[Nakupenda. Unajua.]* ilikuwepo, katikati kabisa, herufi kubwa kama bango la duka. Kila mstari ndani ya mabano yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake. Hata alama za kuuliza alikuwa ameziweka mahali pake. Na kule juu, kwenye vibanda vya kioo, wakalimani walikuwa wamedhani kazi imeanza tena, wakaitafsiri skrini neno kwa neno.

Mtu mmoja safu za nyuma akacheka. Wakafuata wengine. Kaka hakucheka. Alikuwa amegeuka kitini, anaisoma skrini mstari kwa mstari, midomo ikitikisika, na alipofika kwenye mapazia ya mama, Dada Joto aliona shingo yake ikivimba.

"Futa!" akamnong'oneza Mabano. "Futa, futa!"

Mabano akafuta. Lakini mkono uliopagawa hauchagui. Alikamata mistari yote kwa pamoja, akabonyeza, na skrini ikabaki nyeupe. Mapenzi yakaondoka. Kifungu cha kumi na saba kikaondoka nayo.

Mwenyekiti akagonga nyundo, watu wakarudi vitini. Na kabla kicheko hakijaisha, mjumbe mmoja mwenye tai nyekundu, aliyekuwa akiipinga sentensi ile tangu asubuhi, akainua kibao chake. Alitabasamu kama mtu aliyeokota simu ambayo haina mwenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naona kifungu cha kumi na saba kimefutwa. Sisi hatuna pingamizi."

Wengine wakacheka tena.

"Nasema kweli," Bwana Tai akaendelea. "Anayeandika hapa hatakiwi kuwa na upande. Tumesoma wote, mwandishi anampenda mwenye sentensi. Tutajuaje lipi ni la utafiti na lipi ni la chumbani? Naomba kibaki kilivyo. Kimefutwa."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakupenda, ilionekana. Lakini sheria ni sheria.

"Pendekezo ni kwamba kifungu cha kumi na saba kibaki kimefutwa," alisema. "Kuna pingamizi?"

Mtafiti haruhusiwi kusema mpaka aitwe. Anayeruhusiwa ni mwenye kibao. Na kibao cha kwao kilikuwa mbele ya kaka, na kaka alikuwa ameinamia kalamu yake, anaifunga na kuifungua kifuniko.

Mwenyekiti akatazama kushoto.

*Kaka*, Dada Joto akaomba kimoyomoyo. *Nikasirikie mimi. Ile sentensi haijakukosea kitu.*

Mwenyekiti akatazama kulia. Kaka akafunga kalamu. Hakuinua kichwa.

Mwenyekiti akaanza kuchungulia juu ya miwani, mkono umeshika nyundo.

"Pingamizi!"

Haikuwa sauti ya kaka. Watu wakageuka kumtafuta aliyesema. Mabano alikuwa amesimama, mikono haijui ikae wapi bila kibodi.

"Wewe huna kibao," mwenyekiti alisema.

"Najua, Mheshimiwa."

"Wewe mwandishi. Huna la kusema humu ndani."

"Najua pia. Hiyo kazi naona nimeshaipoteza pale kwenye mbu." Sauti ilikuwa inatetemeka kama bati kwenye upepo. "Lakini sentensi ile haikufutwa na mkutano. Imefutwa na mkono wangu kwa woga. Na neno lake hata moja silo langu. Mimi nilifunga mabano tu. Nimeyafunga na kuyafungua kutwa nzima, nilivyoambiwa. Kama kuna mtu wa kufutwa, nifuteni mimi."

Akabaki amesimama. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Pingamizi la mwandishi haliwezi kupokelewa," mwenyekiti akasema, lakini polepole sana, polepole kama mtu anayetafuta ufunguo huku anajua uko mfukoni. Akageuka upande wa safu ya kwanza. "Labda kuna mwenye kibao..."

Kaka akainua kibao.

Akawasha kipaza sauti. Alianza kwa kukohoa.

"Mheshimiwa. Huyo aliyeandikwa pale ukutani ni dada yangu. Nimemlea. Mambo ya nyumbani kwangu nimeyasoma leo kwenye skrini kama mgeni, na nitayasema nyumbani." Akamtupia Mabano jicho, na jicho lile lingeweza kukausha nguo. "Lakini ile sentensi naijua tangu ikiwa mtoto. Vipimajoto vyake vilikuwa vinajaa sebuleni kwangu mpaka wageni wanakalia. Ujumbe wetu unaunga mkono pingamizi la... la huyo. Na tunaomba mtafiti asikilizwe."

Mwenyekiti akaachia pumzi ambayo ilisikika mpaka kwenye vibanda vya kioo. Mtu akamletea Dada Joto kipaza sauti. Bwana Tai hakumsubiri hata akishike vizuri.

"Kabla hajaanza. Anasema kama mtafiti au kama mchumba?"

"Uchumba haujaombwa, mheshimiwa," Dada Joto alijibu, na hakumwangalia Mabano. "Kwa hiyo nimebaki mtafiti."

Ukumbi ukacheka. Kaka naye akaficha mdomo kwa kibao. Mabano peke yake aliangalia chini, kama aliyechomwa na sindano mahali anapopajua.

Kicheko kilipopita, dada akaanza. Hakuwasomea grafu. Aliwaambia kuhusu bibi aliyeuliza kama kidude kinasikia. Alieleza jinsi yule bibi alivyokuwa akimwagia maji sakafu ya chumba ili mzee wake apate usingizi, na jinsi sakafu ilivyokuwa ikikauka kabla hajarudisha ndoo.

"Msimu uliofuata nilirudi kuchukua kipimajoto. Mzee alikuwa hai. Bibi ndiye aliyeondoka, alfajiri, saa ambayo sote tunategemea kaubaridi. Kipimajoto kilikuwa bado kinaandika. Kilisema nyuzi thelathini na tatu. Mzee aliniuliza swali moja tu: mchana tulikuwa tunajificha kivulini, sasa usiku tujifiche wapi? Nilikuwa na sentensi tu. Mnaniuliza kama nina uhakika. Wapo watakaokuja kupima baada yangu, na kama nimekosea watanisahihisha, nitawashukuru. Lakini kwa usiku wote niliopima, nina uhakika mkubwa. Sina zaidi."

Akarudisha kipaza sauti. Mikono ilikuwa baridi kuliko ukumbi.

Mwenyekiti alimgeukia Mabano. "Irudishe. Hiyo iwe kazi yako ya mwisho leo, kisha umpishe mwenzako kiti."

Mabano akakaa. Kwa mara ya kwanza aliandika taratibu, neno moja moja, kwa kichwa, bila kutazama karatasi yoyote. Dada Joto alilitazama kila neno likitokea ukutani. Alipofika nukta ya mwisho akainua vidole.

Hakuweka mabano.

"Kifungu cha kumi na saba, kama kinavyosomeka," mwenyekiti alisema. "Kuna pingamizi?"

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Bwana Tai alishika kibao chake, akakiinua kidogo tu, upana wa kidole. Mbele yake kaka alikuwa amegeuka mzima mzima kitini, anamwangalia. Kibao kikarudi mezani. Mwenyekiti akachungulia juu ya miwani, akagonga nyundo. Limepita.

Hakuna aliyepiga makofi, si desturi. Dada Joto alikaa chini. Machozi yalimtoka, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Alipoinua uso, Mabano alikuwa ameacha kiti chake. Alikuwa akija safu ya kwanza, akiruka nyaya, kitambulisho amekivua shingoni amekishika mkononi. Mwenzake alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta, vidole tayari. Mkutano ulikuwa haujafungwa. Wajumbe wote walikuwa vitini, na hakuna hata mmoja aliyejifanya anasoma.

Akasimama mbele ya kaka.

"Shikamoo, kaka."

Kaka aliiacha ile shikamoo hewani kidogo. "Marahaba. Kaa mbali nami, kijana. Usinifanyie mambo hadharani."

"Hadharani tulishafika, kaka. Tumetafsiriwa lugha sita."

"Kazi umepoteza."

"Nimepoteza."

"Na unakuja kwangu mikono mitupu."

"Nakuja na mdomo," Mabano alisema. "Mwaka wa pili nimechelewa kuuleta. Niliogopa. Nimezoea kusubiri watu waseme ndipo niandike, nikadhani na hili atalisema mtu mwingine. Dada yako nimemchosha, najua. Akinikataa leo ana haki." Akageuka nusu, akamtazama Dada Joto kwa yale macho, kisha akarudi kwa kaka. "Hili sijaambiwa na mtu, kaka. Ni langu. Naomba kumuoa dada yako."

Kaka hakusema kitu. Alishika kalamu, akaifungua kifuniko, akaifunga.

Dada Joto alijua angeweza kukataa. Neno moja tu lingetosha, na baada ya miaka miwili ya kusubirishwa lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Alibana midomo, lile pingamizi lisitoke.

Kwenye vibanda vya kioo wakalimani walikuwa wameinama kwenye vipaza sauti vyao. Juu jukwaani mwenyekiti, ambaye nyundo ilikuwa bado mkononi, alitazama kushoto. Akatazama kulia.

"Naomba," Mabano akarudia.